Pakacha kumi, kichupa kimoja: namna ya kukeneka mafuta ya mchaichai bila kuyaacha kwenye maji

Jirani yangu hapa Konde, Pemba, huniletea mchaichai kwa gari ya ng'ombe. Siku ya kwanza alishusha pakacha kumi uani, akakaa barazani mpaka alasiri, na nilipomwonesha kichupa akashika kiuno. "Mwalimu, majani yote yale, haya tu?"

Haya tu. Kilo 30 za majani mabichi zilitoa gramu 90 za mafuta, yaani sehemu tatu katika kila elfu. Pipa halivuji na hakuna aliyeiba. Ndivyo mchaichai ulivyo, na anayeanza kazi hii inafaa ajue tangu mwanzo kwamba atabeba mzigo mkubwa ili apate kidogo. Nilifundisha kemia skuli miaka 22, na sasa nawakenekea mafuta, yaani nayatoa kwenye majani kwa mvuke, kina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani. Niliyojifunza yote yanahusu maji: yaliyomo ndani ya jani, yanayochemka pipani, yanayopoza bomba, na yale yanayotoka pamoja na mafuta. Ukiyajua hayo maji manne, umeijua kazi.

Anza na maji ya jani. Usikate asubuhi umande haujakauka, wala siku ya pili baada ya mvua kubwa. Mimi hukata kama saa nne, nikayatandaza majani kwenye jamvi kivulini mpaka kesho yake. Kilo 30 hushuka zikawa kama 22, na hizo nane zilizopotea ni maji ambayo sitayachemsha bure. Juani usiyaanike, maana jua huchukua na mafuta. Kisha katakata vipande vya urefu wa kidole, vikae vizuri pipani.

Pipa langu ni la lita 100, la chuma kisichoshika kutu. Chini naweka maji, juu yake wavu, juu ya wavu majani. Majani yasiguse maji. Yapange sawasawa na uyashindilie kiasi, pembeni kuliko katikati, kwa sababu mvuke una tabia ya mtoro: ukiona upenyo unapita hapo hapo, na majani mengine yanabaki na mafuta yao. Kifuniko nakiziba kwa unga wa ngano uliokandwa mgumu, nao ukipata joto unakauka na kushika. Lakini mdomo wa bomba la kutokea usiuzibe kamwe, na kila safari pulizia bomba kabla ya kuwasha moto uhakikishe jani halijakwama ndani. Mvuke uliokosa njia hupasua pipa.

Mafuta ya mchaichai peke yake hayachemki mpaka upite nyuzi 200. Yakiwa na mvuke wa maji, viwili hivyo hushirikiana kusukuma hewa, na mafuta hutoka kabla hata ya kufika 100. Hiyo ndiyo neema ya kukeneka. Gharama yake ni kwamba kila gramu chache za mafuta zinapanda safari na lita nzima ya maji. Kuifikisha lita moja ya maji ya kisima kwenye mchemko kunataka kilojuli (kipimo cha joto) 300 hivi. Kuigeuza mvuke kunataka 2,260 zaidi. Ukisikia pipa linaanza kunguruma ukadhani kazi kubwa imekwisha, jua sehemu kubwa ya kuni bado hujaichoma. Mimi natumia vifuu na matawi makavu ya mikarafuu. Mikoko siigusi, na ninakuomba nawe usiiguse. Gramu 90 za mafuta hazistahili mkoko.

Moto uwe wa wastani. Ukiuchochea sana maji yatatoka mengi na mafuta yatabaki yale yale.

Maji ya kupoza, yale yanayozunguka bomba ili mvuke ugeuke maji, ndiyo yaliyonitesa mwaka wa kwanza. Mvuke ukigeuka maji unarudisha joto lote ulilolichukua, na lazima kitu kingine kilipokee. Nilipiga hesabu usiku mmoja baada ya kuwaona wanangu wamechoka kwa kuteka: ikiwa maji ya kupoza yanapanda kwa nyuzi 20, kila lita moja inayotoka kwenye bomba inataka lita 27 za kupozea. Kwa lita 20 ni zaidi ya lita 500. Kama huna mfereji, panga mapema. Sasa nina mapipa mawili makubwa kivulini. Maji yakipata moto katika la kwanza nahamia la pili, na jioni yote yamepoa, nayatumia tena kesho. Kipimo chake ni mkono wako: yanayotoka kwenye bomba yakikuchoma hata kidogo, punguza moto au badilisha maji, kwa sababu harufu hiyo tamu unayoisikia ua mzima ni bidhaa yako inaruka.

Nije kwenye maji ya nne, ambayo wengi huyamwaga.

Kwanza chombo cha kupokelea. Ukipokelea kwenye beseni la upana wa sentimita 40, mililita 100 za mafuta zitakuwa utando usiofikia milimita moja, na huwezi kuuchota bila kuchota maji. Chupa yenye shingo ya upana wa sentimita 4 huyapandisha mafuta hayo hayo kuwa kimo cha sentimita 8, ukayavuta kwa bomba la sindano bila taabu. Fundi wa bati wa Wete alinitengenezea chombo chenye mrija unaotoka chini na kupanda pembeni hadi karibu na shingo. Mafuta ya mchaichai ni mepesi, yanaelea na kukusanyika juu, na maji yanajitoa yenyewe kwa chini kupitia mrija. Sikai kuchungulia kila dakika.

Mafuta ya majani ya mdalasini kinyume chake yanazama, sawa na ya makonyo ya karafuu, kwa sababu yana eujenoli nyingi, ile inayoipa karafuu harufu yake, nayo ni nzito kuliko maji. Huko maji hutolewa juu na mafuta huchotwa chini. Hapo ndipo nilipokosea vibaya. Nilijua, na ni kweli, kwamba chumvi ikiyeyuka majini huyafukuza mafuta, basi nikatia chumvi kwenye maji ya mdalasini ili nipate kila tone. Mafuta hayakuzama wala hayakuelea. Yalining'inia katikati kama mawingu siku mbili nzima. Nilipokaa na kalamu nikaona: maji yenye chumvi sehemu tano katika mia yana uzito unaokaribia sana ule wa mafuta yenyewe. Nilikuwa nimevifanya viwili kuwa kitu kimoja kwenye mizani. Dawa ilikuwa kuzidisha chumvi mpaka ikagoma kuyeyuka, na mafuta yakapanda juu. Kwa mchaichai chumvi husaidia tu, kwani yanaelea zaidi.

Hata baada ya kutenganisha, maji hayo bado yana mali. Lita moja ya maji baridi inaweza kushika gramu 2 na zaidi za eujenoli, na ukikeneka mdalasini ukapata lita 40 za maji, hesabu gramu 80 zimo humo, huzioni kwa macho lakini pua inazijua. Mchaichai hupoteza kidogo kuliko hapo, lakini hupoteza. Kwa hiyo usiyamwage. Maji ya leo yarudishe pipani yawe maji ya kuchemsha ya kesho. Yakiwa yameshakolea mafuta, hayawezi kuchukua mengine mengi, na ya kesho yanatoka juu yakiwa huru. Nayarudisha mara tatu, kisha naanza mapya, kwa sababu baada ya hapo naisikia harufu ya kuungua ikiingia.

Darasani nilikuwa nikiwasimulia kidato cha nne habari za penisilini ili waelewe jambo hili. Mwezi wa Februari 1941, huko Oxford, polisi aliyeitwa Albert Alexander alipewa dawa hiyo akaanza kupata nafuu. Penisilini hutolewa na ukungu, na ukungu wa wakati ule ulikuwa ukitoa dawa ndogo mno katika maji mengi, hata watafiti wakawa wanakusanya mkojo wa mgonjwa ili waitoe dawa iliyopita mwilini na kumpa tena. Ikaisha kabla hajapona, na Machi akafariki. Baadaye huko Peoria, Marekani, ulipatikana ukungu mwingine kwenye tikiti lililooza, uliotoa dawa nyingi zaidi, nao ukalishwa maji yaliyolowekewa mahindi. Wanafunzi wangu walikuwa wakinyamaza kabisa nikifika kwenye mkojo. Mimi nilikuwa nikitaka waone njia mbili: kukikoleza chanzo, au kukirudia kilichokwisha kutoka. Kukausha jani kivulini ni ile ya kwanza, kurudisha maji pipani ni ile ya pili.

Lini usimame? Siku moja tu, fanya kama nilivyofanya: pokea kila lita tano kwenye chombo chake na upime mafuta. Kwangu lita tano za kwanza zilitoa gramu 60, za pili 20, za tatu 8, za nne 2. Mafuta kwa wastani wa lita zote yanaonekana si haba, lakini zile tano za mwisho zilikula kuni sawa na za kwanza zikanipa gramu mbili. Sasa nasimama baada ya lita 11 au 12. Namba zako zitatofautiana na zangu kwa pipa, kwa jani na kwa msimu, kwa hiyo pima mwenyewe na uandike daftarini.

Mafuta yaache usiku mmoja yatulie, uondoe maji ya chini, kisha yatie kwenye chupa ya kioo ya rangi ya kahawia iliyokauka kabisa, uijaze mpaka shingoni na uiweke mbali na jua na moto. Chupa za plastiki nyembamba hulainika, hasa kwa mafuta ya mdalasini. Usiyapake mwilini yakiwa matupu. Kwa sabuni, mpe mama anayenunua kichupa cha gramu 50 pamoja na lita moja ya yale maji ya mwisho uliyoacha kuyarudisha. Wateja wangu huoshea vyombo vyao vya sabuni na kunyunyizia nyumba. Makapi ya majani nayaanika, na wiki inayofuata ndiyo ninayoanzia moto.