Namna ya kuomba ufadhili wa kumbukumbu kwa utafiti wa mimea

Ufadhili wa kumbukumbu huanzishwa kwa jina la mtafiti aliyefariki, na mara nyingi fedha zake hazifiki kiwango cha karo. Zinafaa kazi ya shambani, vipimo vya maabara au safari. Mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Maseno au Egerton aombe kitu ambacho fedha hizo zinaweza kukimaliza.

Anza na marehemu mwenyewe: alitafiti nini? Kama kazi yake ilikuwa mizizi, nawe unashughulika na striga, lile gugu Wajaluo wanaloliita kayongo, kiungo kipo tayari. Striga hujishikiza kwenye mzizi wa mahindi na kuanza kuyanyonya kabla haijachomoza juu ya udongo. Sentensi mbili za namna hiyo zinatosha. Rambirambi ziache.

Mahali pa utafiti palingane na tatizo. Striga ni balaa la Nyanza na Magharibi; ukiandika kwamba utaifuata Njoro, kule Nakuru, msomaji ataguna. Njoro nenda na ugonjwa wa kutu ya shina la ngano, maana kituo cha huko cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kimepima aina nyingi za ngano dhidi ya Ug99, aina kali ya kutu hiyo.

Bajeti ndiyo huonyesha nani amewahi kushika jembe. Tuseme unalinganisha njia nne za kudhibiti striga, kila njia ikirudiwa mara nne: ploti 16. Kila ploti ina mistari mitano yenye urefu wa mita 3, sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo. Hapo una mashimo 60 kwa ploti, 960 kwa jumla. Mbegu mbili kila shimo ni 1,920, ambazo kwa kawaida hazifiki kilo moja. Pakiti ya kilo 2 inakubakizia za kujazia mapengo. Eneo lote la ploti ni mita za mraba 180. Ukitumia mbolea ya kupandia ya DAP kwa kiwango cha kilo 125 kwa hekta, unahitaji kilo 2 na robo. Anayeomba gunia zima la kilo 50 amejianika. Fedha nyingi ziende kwa vibarua wa kupalilia, nauli, na vipimo vya udongo. Palizi hapa ina mtego wake: kibarua asiyeelezwa hung'oa striga uliyokusudia kuihesabu. Weka siku ya kumwonyesha, nayo uilipie.

Kisha kalenda. Mvua ndefu huanza kunyesha Machi. Fedha zikitoka Mei, msimu umekwisha kukupita, kwa hiyo andika mpango wa pili wa kupanda kwa mvua fupi. Karibu na Kisumu hilo linawezekana. Njoro, kwa baridi yake, mahindi hukaa shambani muda mrefu na msimu wa pili si wa kutegemea.

Vibali navyo hula muda. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukitaka kupeleka sampuli za mimea maabara ya nje, KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea) na NEMA (mamlaka ya mazingira) wanahusika, kwa hiyo usiandike "sampuli zitatumwa Uingereza" kana kwamba ni barua ya posta. Kama kipimo chenyewe kinafanyika nchini, kifanyie hapa.

Barua za wadhamini ziombe wiki tatu kabla, na kila mmoja mpe ukurasa mmoja wa muhtasari. Msimamizi aeleze ustadi wako wa maabara au shamba, mwalimu mwingine aeleze uandishi wako. Barua mbili zinazosema "ni mwanafunzi mwenye bidii" ni sawa na moja. Kagua pia majina: kitambulisho, cheti cha KCSE na matokeo ya chuo vikitofautiana, tafuta kiapo cha wakili mapema.

Mwisho wa kupokea maombi huenda ukawa kwa saa za huko mfuko uliko. Saa kumi na moja jioni ya New York ni saa sita usiku kwetu majira yao ya joto, na saa saba usiku wakati wa baridi yao. Tuma siku mbili kabla, mchana, ukiwa na stima. Halafu fungua faili uliyotuma uhakikishe jedwali la bajeti halikukatwa pembeni.