Ukitoka tu kitandani, usikimbilie kuinama
Watu wengi huamka na papo hapo wanainama kupiga deki au kunyanyua ndoo. Mgongo haupendi hilo. Usiku ukiwa umelala, diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba kidogo. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni, kwa kama sentimita 1 hivi. Diski ikijaa namna hiyo, ukiinama hupata mkazo mkubwa zaidi. Basi tembeatembea kwanza, nusu saa hadi saa nzima, ndipo ushike kazi za kuinama. Hata viatu, vaa ukiwa umeketi.

Na kama mzigo hausubiri (mtoto akilia, nani atamwambia angoje?), msogelee, kunja magoti, mlete kifuani, ndipo usimame. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno.

Wa kazi za kukaa, inukeni mara kwa mara.

Maumivu yakija na ganzi sehemu za siri au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali mara moja.