Hesabu mlima kwanza: kwenda Death Valley na gari la umeme

Marehemu baba aliendesha lori kati ya Tanga na Lushoto miaka mingi. Kila akifika Mombo, pale barabara inapoanza kuukwea Usambara, alikuwa anasimama. Anazunguka gari, anagonga matairi kwa fimbo, anatazama maji ya rejeta. Akipanda tena kitini anasema, "Umbali haumlazi mtu njiani. Mlima ndio unaolaza." Neno lake hilo limenifaa California, ndani ya gari ambalo halijawahi kutiwa tone la petroli.

Naishi Las Vegas. Kutoka mjini hadi Furnace Creek, katikati ya hifadhi ya taifa ya Death Valley huko California, ni kilomita 195 hivi. Nimekwenda mara tano na gari langu la umeme, na safari ya mwisho, mwezi wa Februari, nilimchukua shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Gari langu ni la kawaida tu, betri yake inabeba uniti 75, uniti hizihizi tunazonunua kwa LUKU. Ukikodi gari Las Vegas huenda ukapewa la aina hiyo, na hesabu zangu zitakufaa.

Jambo la kwanza ni kuchagua mwezi. Nenda kati ya Novemba na Machi. Furnace Creek ndipo palipopimwa joto la nyuzi 56.7, tarehe 10 Julai 1913, rekodi ya dunia mpaka leo. Siku za Julai na Agosti hewa huwa moto na nyepesi kiasi kwamba hata helikopta ya uokoaji inaweza kushindwa kuruka, kwa hiyo ukizidiwa huko chini msaada unaweza usifike kwa wakati. Betri nayo huteseka: gari hutumia umeme kuipoza hata likiwa limesimama. Februari tulivaa sweta asubuhi na mashati mepesi mchana.

Sasa hesabu yenyewe. Gari langu kwenye barabara tambarare linakula uniti 17 kwa kilomita 100, nikienda mwendo wa kama 90 kwa saa. Ukikimbia kwa 120 au ukikutana na upepo wa mbele, ongeza. Halafu weka mlima. Gari la tani mbili, na langu linafika hapo likiwa na abiria, mizigo na maji, hula uniti 5 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, mbali na zile za kulisogeza mbele. Mimi huandika 6, maana mota na nyaya hupoteza kidogo.

Death Valley mlima ni jambo zito kwa sababu bonde lenyewe liko chini ya bahari. Furnace Creek iko mita 58 chini ya usawa wa bahari. Ili utoke kwenda Beatty, mji wa Nevada wenye chaja za kasi, lazima uvuke Daylight Pass, mita 1,316 juu. Ramani itakuambia ni kilomita 65 tu, mtu anacheka. Lakini ni uniti 11 za umbali na uniti 8 za kupanda, jumla 19. Umelipia kilomita 110 za tambarare. Ukitokea upande wa magharibi kwenda Lone Pine, utakutana na Towne Pass, mita 1,511, kisha utashuka na kupanda tena.

Kushuka hurudisha sehemu. Ukiachia pedali, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, zaidi ya nusu ya ulichotumia kupandia. Ila betri iliyojaa kabisa haina pa kuuweka huo umeme. Ukilala Beatty, usiondoke na asilimia 100 halafu ukategemea mota ikushikie gari kwenye mteremko wa kuingia bondeni. Acha nafasi, 90 inatosha.

Kutokana na hayo nina sharti moja nisilolivunja: kabla sijashuka bondeni, niwe na chaji ya kuingia, kuzunguka na kutoka juu ya mlima bila kuchaji hata mara moja huko chini. Nilijifunza safari ya kwanza. Niliingia na asilimia 41, nikiamini nitachomeka kwenye hoteli ya Furnace Creek usiku. Chaja zipo, lakini zote zilikuwa na magari ya wageni waliolala mpaka asubuhi. Asilimia 41 ni uniti 31, na 19 ni za kutokea. Nilibaki na 12 za kutembelea bonde kubwa namna ile. Nikatazama jua likizama pale Zabriskie Point, asubuhi nikaondoka bila kuuona uwanda wa chumvi wa Badwater. Iliniuma sana.

Kwa hiyo na shangazi tulikwenda hivi. Tulitoka nyumbani na betri imejaa, tukapanda milima ya Spring, tukashukia Pahrump tukiwa na asilimia 75. Pahrump tukachaji mpaka 90, muda wa kula mayai na kwenda msalani. Hakikisha tu kichwa cha waya kinaingia kwenye gari lako. Magari mengine yana tundu la CCS, mengine la NACS, na adapta ya kukopa jangwani hutaipata. Fungua PlugShare, programu ya simu ya kutafutia chaja, ukiwa bado mjini, usome madereva waliopita wiki hiyo wamesema nini kuhusu kila kituo.

Kutoka Death Valley Junction usiteremke moja kwa moja. Kabla ya bonde kuna njia ya kushoto inayopanda Dante's View, mita 1,669. Wengi hushuka kwanza Furnace Creek, wanalala, kesho yake wanarudi kupanda, na hapo wanalipia mita 1,700 na ushee kuanzia chini. Ukienda siku ya kuingia, tayari uko juu. Robo maili ya mwisho ni kali kwelikweli, mwinuko wa asilimia 15, lakini gari la umeme hupanda bila kelele. Tulifika na asilimia 60. Tukashuka mpaka Furnace Creek, na kioo cha dashibodi kikasoma 62.

Shangazi alikitazama kioo kile. "Mwanangu, yaani tumetembea na chaji imeongezeka?"

"Ndiyo shangazi. Mlima umeturudishia."

Chaja za hotelini ni za polepole, uniti 6 au 7 kwa saa. Jioni hiyo tulipata nafasi, na saa nne usiku betri ilikuwa imejaa. Nikaamka nikalitoa gari. Tafadhali fanya hivyo hata kama umechoka. Kuna mtu mwingine anazunguka maegesho akiomba Mungu. Zima na kamera za ulinzi za gari, maana hula chaji usiku kucha. Na taa zake zizime kabisa mkitoka kutazama nyota. Death Valley imetambuliwa tangu 2013 kama hifadhi ya giza la usiku, na mlango wa gari ukifunguka kioo huwaka kama televisheni na kuwaharibia wenzako macho.

Asubuhi tulikwenda Badwater, kilomita 28 kusini, kabla jua halijakaza. Pale ni mita 86 chini ya bahari, hakuna pa chini zaidi Amerika Kaskazini yote. Chumvi nyeupe imetandaa mpaka macho yanachoka. Ukigeuka nyuma, juu kwenye jabali kuna kibao kidogo cheupe: usawa wa bahari. Shangazi amezaliwa Pangani, maisha yake yote bahari imekuwa miguuni pake. Alikiinulia macho kile kibao, akashika mtandio wake, akasimama muda mrefu. "Kwa hiyo maji yangekuwa juu yetu," alisema. Akaonja chumvi kwa ncha ya kidole. Ni chumvi hii hii ya kupikia, sehemu kubwa. Akataka kubeba kipande akawaonyeshe wajukuu, nikamwambia ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuchukua chochote, akakirudisha palepale alipokiokota. Nchi hii ni ya Watimbisha Shoshone, ambao bado wana kijiji chao Furnace Creek, na sheria ya mwaka 2000 iliwarudishia sehemu ya ardhi yao.

Alipochoka alikaa garini na kiyoyozi kikiwaka, bila moshi wala mngurumo, mimi nikaenda mbele kidogo. Hiyo ni raha ya gari hili. Lakini usiifanye kinga yako. Beba maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na akiba juu yake.

Mengine kwa ufupi. Simu haishiki sehemu kubwa ya hifadhi, kwa hiyo pakua ramani mapema, uchukue na ya karatasi pale ofisi ya wageni unapolipa. Kiingilio ni dola 30 kwa gari kwa siku 7, kwa kadi. Usikubali simu ikupitishe njia ya mkato isiyo na lami. Magari mengi ya umeme hayana spea, ni mazito, na mawe ya huko yanachana tairi. Kwa sababu hiyo sijawahi kwenda Racetrack, kilomita 43 za mawe makali, na sikushauri uende. Artists Drive ni ya lami, ipite ukirudi kutoka Badwater.

Mchana tukapita kwenye vilima vya mchanga ya Mesquite Flat, shangazi akavua viatu, kisha tukaanza kuipanda Daylight Pass. Utaona asilimia zinavyoporomoka, na moyo nao. Usiongeze mwendo ili ufike upesi, utamaliza zaidi. Shika 80 kwa saa, juu njia italegea yenyewe.

Beatty tuliingia na asilimia 50 hivi. Hapo ndipo kilipofunguliwa kituo cha kwanza cha mtandao wa chaja wa jimbo la Nevada, mwaka 2016. Nikachomeka. Kurudi Las Vegas ni kilomita 188, barabara pana, kwa hiyo ikifika 80 unang'oa, maana kuanzia hapo chaja hupunguza kasi na unapoteza muda bure. Shangazi aliuliza kutoka kiti cha nyuma, macho amefumba, "Imeshiba?" Nikamwambia bado dakika kumi, alale.