Jinsi ya kupata namba sahihi ya forodha kwa bolti, nati na skrubu za chuma

Ukiona ankara imeandikwa "vifaa vya kufungia" basi, usijaze tamko la forodha bado. Neno hilo halitoshi kukupa namba hata moja. Kinachoamua ni kitu chenyewe: kimetengenezwa kwa nini, kina nyuzi (mikato ya mzunguko ya skrubu) au hakina, ncha yake ikoje. Fungua boksi.

Hatua ya 1: Chukua sampuli ya kila aina. Chukua pamoja na karatasi ya vipimo kutoka kiwandani. Picha ya katalogi haioneshi ncha vizuri, na kwenye skrubu ncha ina uzito mkubwa, kama utakavyoona.

Hatua ya 2: Thibitisha metali. Bolti, nati, skrubu, washa na ribiti za chuma zinaingia 73.18 katika Mfumo wa HS, yaani orodha ya kimataifa ya namba za bidhaa za forodha. Za shaba zinakwenda 74.15, za alumini 76.16. Kupakwa zinki hakubadilishi kitu. Hiyo ni ngozi tu, mwili bado ni chuma. Nati yenye pete ya nailoni ndani huwasumbua wengi, lakini kwa bidhaa iliyochanganya metali na plastiki, kanuni za kutafsiri HS zinatazama kinachoipa sifa yake kuu. Hapa ni chuma, hivyo inabaki kuwa nati ya chuma.

Misumari si ya hapa, ni 73.17. Ribiti zenye uwazi ndani kama bomba, au zilizopasuliwa miguu, ni 83.08.

Hatua ya 3: Sahau inakofungwa. Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Mwagizaji analeta bolti za magurudumu, anasema "hizi ni spea za gari", wakala anaandika 87.08. Sivyo. Maelezo ya 2 ya Sehemu ya XV ya HS, ile ya metali, yanaziita bidhaa za 73.18 sehemu za matumizi ya jumla, na Sehemu ya XVI ya mitambo na ya XVII ya magari zote zinazikataa. Bolti ya injini, ya trekta au ya pampu ni bolti. Skrubu zilizobuniwa mahsusi kwa vipandikizi vya mwilini, kama za kuungia mifupa, ziko kando: tangu toleo la HS la 2022 zinatazamwa chini ya 90.21.

Hatua ya 4: Tenga zenye nyuzi na zisizo na nyuzi. Zisizo na nyuzi ni rahisi: washa za springi na nyingine za kuzuia kulegea ni 7318.21, washa za kawaida 7318.22, ribiti 7318.23, kotapini 7318.24, nyinginezo 7318.29.

Hatua ya 5: Kwa zenye nyuzi, soma ncha na kichwa. Nati ni 7318.16, na zenye ndoano au pete ni 7318.13. Kazi iko kwenye skrubu zenyewe.

Shika skrubu ya kufungia mbao: mwili unachongoka kuelekea nchani, nyuzi ni kali, kichwa kina mfereji au tundu la bisibisi. Hiyo ni 7318.12. Ile kubwa ya mbao yenye kichwa cha pembe nne au sita cha kushikwa na spana, kama zinazofunga reli kwenye mataruma, ni 7318.11. Inayojikatia njia kwenye bati jembamba, plastiki au marumaru, zikiwemo za mabati zenye ncha ya keekee, ni 7318.14. Ikiwa mwili ni mnyoofu na inaingia kwenye nati au tundu lililokwisha kukatwa nyuzi, basi ni 7318.15.

Tofauti hizi ni pesa. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliweka ushuru wa kukabili bei za kutupa (bidhaa kuuzwa nje kwa bei ya chini isiyo ya haki) kwa vifungio vya chuma kutoka China, kuanzia asilimia 22.1 hadi 86.5. Skrubu za mbao zimo, zile za spana hazimo. Za chuma kisichoshika kutu hazimo pia. Tarakimu moja inaweza kukutoa faida yote ya kontena.

Hatua ya 6: Angalia ufungashaji. Bolti iliyoletwa na nati na washa yake inabaki 7318.15, maneno ya kifungu yenyewe yanaruhusu. Lakini boksi la bolti na boksi jingine la nati kwenye shehena moja ni mistari miwili ya tamko.

Hatua ya 7: Ongeza tarakimu za nchi. Sita za kwanza ni za dunia nzima. Zinazofuata kila nchi hujipangia, na mara nyingi zinauliza aina ya chuma, kipenyo au uimara. Kwa hiyo andika maelezo kamili: "bolti za chuma, kichwa cha pembe sita, M12 x 60, daraja 8.8, zimepakwa zinki, pamoja na nati". Mkaguzi akisoma hivyo hana sababu ya kubuni.

Bado una shaka kati ya namba mbili? Omba uamuzi wa mapema kwa mamlaka ya forodha kabla mzigo haujapakiwa, ukiambatisha sampuli na karatasi ya kiwandani. Ukishapewa, taja namba ya uamuzi huo kwenye kila tamko la bidhaa ileile.