Jinsi ya kuwafundisha vibarua kupakia shehena hatarishi kwenye kontena

Kanuni za kimataifa za kusafirisha shehena hatarishi baharini, IMDG, zimelazimisha mafunzo kwa wafanyakazi wa nchi kavu tangu 2010. Kibarua wa siku moja naye yumo. Hapa Dar es Salaam mimi nafundisha yadini, mapipa yakiwa mbele yetu.

1. Lebo kwanza. Kila mmoja asome kwa sauti namba ya UN (namba ya Umoja wa Mataifa inayotambulisha bidhaa hatarishi) na daraja la hatari. Kisha wape mtihani huu: UN 1830, asidi ya salfuriki, daraja la 8 (babuzi), na UN 1689, sodiamu sayanaidi, daraja la 6.1 (sumu). Je, zipande kontena moja? Jedwali la IMDG la kutenga madaraja halizuii 6.1 na 8 kukaa pamoja, na hapo ndipo wengi hunaswa. Katazo limo kwenye maelezo ya sayanaidi yenyewe: itengwe na asidi. Zikichanganyika hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Msimamizi asiyefungua ukurasa wa bidhaa husika asiruhusiwe kupanga mzigo.

2. Kontena tupu. Mmoja aingie, mwenzake abaki nje na kufunga milango kwa muda mfupi. Mwanga ukipenya, kuna tundu. Ng'oa misumari, fagia mabaki, bandua mabango ya hatari ya safari iliyopita.

3. Pipa moja moja. Pitisha mkono wenye glavu chini ya ukingo na kuzunguka kizibo. Unyevu, kutu iliyokula bati au pipa lililovimba: weka pembeni, halipakiwi. Meli ya X-Press Pearl iliwaka moto karibu na Colombo mwezi Mei 2021, na kabla ya moto huo ilikuwa tayari na kontena la asidi ya naitriki linalovuja. Kwa hiyo nasisitiza: kibarua yeyote anaweza kusimamisha kazi, na asikatwe hata shilingi. Ukimlipa kwa idadi ya makontena, atalipitisha pipa bovu ili awahi jingine. Mlipe kwa siku.

4. Kupanga na kukaza. Mapipa yakae wima, vizibo juu, mbao kati ya tabaka na tabaka. Nusu moja ya urefu wa kontena isibebe zaidi ya asilimia 60 ya uzito. Kama kuna mzigo wa kawaida pia, shehena hatarishi ikae karibu na mlango, zimamoto waifikie. Ziba mianya kwa mbao au mifuko ya hewa, funga mikanda, kisha watu wawili wasukume kwa nguvu. Pipa likicheza, rudieni.

5. Mabango na cheti. Bandika mabango ya milimita 250 kwa 250 pande zote nne. Cheti cha upakiaji asaini aliyesimamia upakiaji wenyewe, si karani aliyekuwa ofisini.