Mvinyo mwekundu na jibini kwenye joto la Tanga

Jumamosi iliyopita binti wa dada yangu, anayehudumia meza kwenye hoteli moja ya Raskazone, alinipigia simu saa 10 jioni. "Shikamoo mjomba. Wageni wanane wanakuja saa 1, wanataka waini nyekundu na chizi. Nimeonja, nikichanganya vyote ni vichungu." Nikamuuliza: chupa ziko wapi? Akasema ziko kaunta, zimepangwa vizuri. Nikalijua tatizo papo hapo. Niliyomwelekeza ndiyo haya.

Hatua ya 1: Mvinyo

Chukua mvinyo mkavu, usio na sukari. Mimi huanza na wa Dodoma uliotengenezwa kwa zabibu nyekundu za Makutupora. Ni wa nyumbani, na kule mizabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka. Ukikosa, Cabernet Sauvignon ya Afrika Kusini itafaa.

Hatua ya 2: Jibini

Hapa kwanza uelewe ukakasi. Umeshakula bibo la korosho? Ulimi unakauka, fizi zinakaza. Kinachofanya hivyo ni tanini, na mvinyo mwekundu huipata kwenye maganda na mbegu za zabibu. Tanini hunasa protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake. Jibini nayo ina protini na mafuta tele, kwa hiyo tanini inahangaika na jibini na kinywa chako kinapumua. Ndiyo maana mvinyo wenye ukakasi mwingi unataka jibini ngumu, iliyokomaa kwa miezi, yenye chumvi. Gouda ya zamani ndiyo naipenda kuliko zote. Cheddar iliyokomaa inafuata.

Brie na Camembert, ambazo ni jibini laini, usiziweke na mvinyo mzito. Lile ganda lao jeupe likikutana na tanini, mdomoni unabaki na ladha ya chuma, kama umelamba sarafu. Jibini ya bluu, ile yenye ukungu wa bluu na chumvi kali, itafutie mvinyo wa port wa Ureno, ambao ni mtamu, kwa sababu utamu ndio unaoweza kusimama na chumvi ile. Jibini laini, mbichi, kama wanazotengeneza kule Irente, Lushoto, zile kwa mkate na jamu asubuhi. Mvinyo mwekundu utazifunika zisisikike kabisa.

Hatua ya 3: Joto

Hatua hii ndiyo iliyonilia jioni nzima nilipoanza kazi. Nilifundishwa kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwenye joto la chumba, nikauacha mezani. Nilipoonja, ulinichoma pua kama pombe kali. Nikadhani kosa ni la jibini. Nikabadilisha ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikafungua na chupa nyingine, hali ile ile. Saa 4 usiku ndipo nilipochomeka kipimajoto cha jikoni kwenye glasi: nyuzi 31.

Joto la chumba linalosemwa ni la nyumba za mawe za Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Tanga wakati wa kaskazi hakifiki huko hata usiku wa manane. Mvinyo ukipata joto, kileo kinapanda puani na harufu ya matunda inapotea. Ila usikimbilie kuugandisha pia, maana ukiwa baridi kama soda ukakasi unazidi na unarudi kwenye uchungu ule ule.

Kwa hiyo fanya hivi. Ndoo, barafu, na maji. Maji usiyasahau: barafu peke yake inagusa chupa sehemu chache tu, maji ndiyo yanayoizunguka yote. Zamisha chupa hadi shingoni, izungushe mara kwa mara, na baada ya dakika 10 anza kupima. Mimi namimina ikiwa nyuzi 15, kwa sababu kwenye glasi itapanda haraka. Friji inachukua saa moja na nusu au zaidi, na umeme ukikatika umekwama, ndiyo maana napenda ndoo. Barafu gandisha mwenyewe kwenye mifuko safi. Usiombe ya wauza samaki wa Deep Sea hata kama ni karibu. Harufu inashika kwenye chupa, mgeni akiinama kunusa glasi anakutana na harufu ya samaki changu.

Jibini nayo ina saa yake. Vitabu vinasema itoe kwenye friji saa moja kabla. Kwetu dakika 20 zinatosha. Itazame juu: ikianza kung'aa na kutoa vitone vya mafuta, imeshapita. Irudishe ndani kidogo. Wakati inasubiri, ifunike kwa kitambaa safi kilicholowa na kukamuliwa vizuri. Inzi hawatui na kingo hazikauki.

Hatua ya 4: Sahani

Kata vipande vyembamba. Pembeni weka mkate usio na sukari, korosho za kukaanga, na tende chache. Tende na Gouda ya zamani ni kitu kimoja kizuri sana. Achari na pilipili ziondoe mezani, zinauamsha ule moto wa kileo.

Hatua ya 5: Kuonja

Jibini kwanza. Itafune mpaka mafuta yatande ulimini, kisha piga funda dogo la mvinyo kabla hujameza yote. Ukianza na mvinyo, ukakasi umeshakaza kinywa na jibini unaisikia kama chaki.

Chupa ikibaki, ifunge na uiweke kwenye friji, siku 3 bado inanyweka. Jibini ifunge kwa karatasi ya kuokea, mbali na samaki.

Saa 3 usiku binti alinitumia picha: sahani tupu, maganda ya nta ya Gouda, na kipimajoto kimelala kando ya ndoo.