Kufuzu Ubingwa wa Kanada wa Kalingi ya Jozi Mchanganyiko: Uanzie Wapi

Kalingi ni mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu kuelekea shabaha. Kabla hujafungua fomu yoyote, malizana na mwenzako. Jozi ni mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na kanuni haziruhusu mchezaji wa akiba: mmoja akiteguka goti asubuhi, mechi ya mchana mmeshapoteza. Kubalianeni mapema kuhusu likizo za kazini, nauli, na nani atasukuma jiwe la kwanza na la tano kati ya mawe matano ya timu. Mwenzake ndiye wa la pili, la tatu na la nne.

Mkishaelewana, jiungeni na klabu iliyo chini ya chama cha kalingi cha mnakoishi. Kanada ina majimbo 10 na maeneo 3, lakini vyama ni 14, kwa kuwa kaskazini mwa Ontario kuna chama chake. Kwa hiyo wa Thunder Bay, huko kaskazini, na wa Toronto hawaombi mlango mmoja, ingawa jimbo ni lile lile.

Njia ya kwanza ni ubingwa wa jimbo. Ingieni tovuti ya chama, someni vizuri kifungu cha makazi, jazeni fomu ya timu na mlipe ada kabla dirisha halijafungwa. Penye timu nyingi, tegemeeni mchujo kwanza. Bingwa ndiye anayekwenda taifa.

Njia ya pili ni orodha ya viwango. Mnazunguka mashindano ya msimu mkikusanya pointi, na nafasi zinazobaki baada ya mabingwa wa majimbo huwaendea walio juu. Kwa jozi mpya siishauri: safari zinakula pesa, na huko mtawakuta vigogo wa kalingi ya kawaida, ya timu za wachezaji wanne. Kaitlyn Lawes na John Morris, waliotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2018, walitokea kwenye timu hizo za wanne.

Usajili ukikamilika, hamieni kwenye kanuni. Kila timu husukuma mawe 5 kwa mzunguko, yaani awamu moja ya mechi, na jiwe jingine moja la kila timu huwa limeshawekwa barafuni. Hakuna jiwe linaloruhusiwa kutolewa mchezoni kabla ya lile la nne la mzunguko kusukumwa, ukihesabu ya timu zote mbili. Mliozoea timu ya wanne, hapa ndipo mkono unapowasaliti: ukilitoa mapema, jiwe lako linaondolewa na lililogongwa linarudishwa mahali pake. Muda wa kufikiri ni dakika 22 kwa mizunguko 8, kwa hiyo fanyeni mazoezi saa ikiwa inahesabu.